Moto Usiotoa Makaa

Mwaka ule nyumba yetu ilipopata gesi ya samadi ndio mwaka tuliotumia mkaa mwingi kuliko mwaka mwingine wowote tangu mama aanze kufuga. Sisemi kwa kukisia. Magunia matupu tuliyakunja na kuyapanga nyuma ya banda la ng'ombe, na kabla hata mwaka haujaisha rundo lile lilikuwa limepita dirisha. Bwana mifugo, ambaye ndiye aliyetuletea hiyo gesi, alipoliona alianza kuzunguka nyumba taratibu, akichungulia huku na huku. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Natafuta genge," akasema. "Nyinyi mnauza mkaa. Semeni tu."

Hatukuwa tunauza mkaa. Hata leo nikimsimulia mtu habari hii hunitazama kwa jicho lile lile la bwana mifugo, kwa hiyo imenibidi nizoee kuieleza kwa utaratibu, kuanzia mwanzo.

Tulikuwa tunakaa Ipagala, wakati nyumba bado ni chache na kati ya nyumba na nyumba watu wanalima mtama na karanga. Baba alikwisha fariki. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya shirika la umma nililofanyia kazi kupunguza wafanyakazi, na kazi yangu mpya ilikuwa kukata majani, kubeba maji na kupeleka maziwa mjini kwa baiskeli. Mama, mzaliwa wa Kondoa, alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, chotara, na mtamba mmoja mwekundu, ambaye alikuwa hajazaa bado.

Ile ndiyo miaka watu waliyoiita ya ruksa. Maduka ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu yalijaa vitu, na miongoni mwa vitu hivyo yalikuwamo makopo ya maziwa ya unga yenye picha ya ng'ombe mnene kuliko ng'ombe yeyote aliyewahi kukanyaga Dodoma. Wakati huo huo gari la serikali lililokuwa likipita kukusanya maziwa ya wafugaji liliacha kuja. Halikuaga. Wafugaji walisimama barabarani na madumu yao asubuhi moja, ikafuata nyingine, na mwisho kila mmoja akaenda kujitafutia mteja.

Mama alimpata mwenye mgahawa karibu na stendi, mzee mmoja wa Kiislamu ambaye mababu zake walifika nchi hii ya kati na misafara ya biashara, wakaweka mizigo chini na wasiibebe tena. Alikuwa mtu wa utani na msafi kupindukia. Sharti lake lilikuwa moja. Maziwa yaje yameshachemka.

"Mabichi yananikatikia," alimwambia mama. "Jua la Dodoma halina adabu. Saa nne tu nina sufuria la mtindi, na mteja ameagiza chai."

Mama akakubali palepale, tena kwa shukrani. Mimi nililiona jambo lile kwa namna nyingine. Mkaa uliokuwa ukiungua jikoni kwa yule mzee sasa ungeungua jikoni kwetu, na hakuna aliyeusema wakati wa kupatana. Mkaa wenyewe uliletwa na waendesha baiskeli kutoka mbali, kila mwaka mbali zaidi, kwa sababu miti ya karibu ilikuwa imekwisha. Kila walipokuja walikuwa na habari mbaya ya kutueleza kabla ya kutaja bei.

Mama aliyavumilia hayo mpaka asubuhi moja aliposhika gunia tupu na kulikung'uta.

"Mkaa huu ukiendelea hivi," alisema, "mwekundu ataenda mnadani."

Alisema bila kumtazama mtamba. Nilielewa kwa nini. Wale ng'ombe wawili walikuja kwake wakiwa wakubwa tayari, lakini mwekundu alizaliwa katika banda lile na mama alimpokea kwa mikono yake. Tena mmoja wa wale wawili alikuwa anazeeka. Bila mtamba, baada ya muda mama angebaki na ng'ombe mmoja, na ng'ombe mmoja hajazi madumu ya mgahawa. Kumuuza mwekundu kulikuwa sawa na kufunga banda, tofauti ni kwamba lingefungwa polepole.

Ndipo bwana mifugo alipokuja na habari ya gesi. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye pikipiki ya mradi na kofia asiyoivua hata ndani. Alimweleza mama kwamba kinyesi cha ng'ombe watatu kikichanganywa na maji na kufungiwa shimoni bila hewa kitatoa gesi ya kuchemshia maziwa yote ya asubuhi na chai juu yake. Mradi ungetoa saruji, mabomba na jiko. Sisi tungechimba.

"Lakini mama, nisikilize vizuri," alisema. "Mtambo huu umepimwa kwa ng'ombe watatu. Ukiuza mmoja, umeuza na moto."

"Mimi nautaka ili nisimuuze," mama akamjibu.

Tulichimba. Anayeijua ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa, na asiyeijua hataamini. Kisha lilikuja suala la maji. Kila ndoo ya kinyesi ilitaka ndoo ya maji, na maji tuliyapanga foleni bombani pamoja na mtaa mzima. Niliona shimo likinywa maji ambayo ng'ombe wenyewe walikuwa wakiyatamani. Baadaye tukajifunza kutumia maji ya kuoshea banda pamoja na mkojo wa ng'ombe, na shimo halikulalamika. Ilipita muda mrefu bila chochote, mama akaanza kulizungumzia lile shimo kama mtu aliyekopa na kuhama mtaa. Halafu siku moja bwana mifugo akafungua kishikio cha jiko, akawasha kiberiti, na moto ukaja. Ulikuwa wa buluu, mwembamba, hauonekani vizuri mchana, na haukuwa na moshi wala harufu.

Asubuhi iliyofuata maziwa yalichemka kabla sijamaliza kuandaa baiskeli. Nilifika mjini mapema mpaka mwenye mgahawa akanitazama kwa mashaka.

"Haya yamechemka au yamekimbizwa?" akauliza.

Nikamweleza habari ya gesi. Alifunika dumu, akalifunua, akanusa, akamwaga kidogo kwenye kikombe, akanywa amefumba macho.

"Ningekuwa sijaambiwa ningekunywa kwa raha zaidi," akasema. "Lakini ni mazuri. Mwambie mama yako aendelee, ila wateja wangu wasijue."

Kwa hiyo gesi ilifanya kazi. Nalisisitiza hilo kwa sababu kuna watu ambao nikifika hapa hutikisa kichwa na kusema vitu hivi vya miradi ndivyo vilivyo. Mtambo haukuwa na kosa lolote. Ulitoa moto wote ulioahidiwa. Kasoro ilikuwa kwamba moto wenyewe haukutoa makaa.

Kuna jambo bwana mifugo hakuuliza, na sisi hatukulitaja kwa sababu hakuna mtu anayelitaja. Nyumba inayoamka kwanza ndiyo inayotoa moto. Mtaani kwetu nyumba hiyo ilikuwa yetu, kwa ajili ya maziwa. Mama aliwasha jiko kubwa la mkaa kabla ya adhana ya alfajiri, na maziwa yalipoepuliwa majirani walianza kuja, huyu na kigae cha chungu, yule na kifuniko cha sufuria kuukuu. Kila mmoja alichukua makaa mawili matatu ya moto akaenda kuwasha jiko lake. Kuwasha mkaa kwa kiberiti kunataka mafuta ya taa na subira, lakini kaa la moto linatosha lenyewe. Tena hapo ndipo watu walipojuliana hali. Aliyefuata moto alieleza homa ya mtoto imefikia wapi, na asiyetokea mama alituma mtu kwenda kumtazama. Sikumbuki hata siku moja mtu kurudishwa mikono mitupu. Moto, maji na chumvi kwetu havinyimwi.

Asubuhi ile ile ya kwanza ya gesi alikuja bibi jirani, mama wa Kigogo aliyekaa nyumba ya pili, ambaye ndiye aliyekuwa akitangulia siku zote.

"Hodi humu!"

"Karibu bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimefuata moto."

Mimi na mama tukatazamana. Bibi akaingia na kigae chake, akatafuta jiko la mkaa kwa macho, akaliona limesimama kando, baridi. Kisha akauona ule moto wa buluu chini ya sufuria. Akainama, akautazama kwa upande mmoja, akahamia upande wa pili.

"Ndio huu?"

"Ndio huo, bibi."

"Huu nitaubebaje?"

Mama aliona haya kana kwamba ameshikwa anaficha chakula. Akaanza kueleza habari ya shimo na bomba, maneno mengi mno, na bibi akaitikia yote kwa adabu huku kigae kikiwa bado mkononi. Alipoondoka alisema tu, "Sasa moto wenu umeingia kwenye bomba. Sisi wa vigae tutaufuata huko huko."

Kesho yake nilipoamka nilikuta maziwa yakichemka juu ya gesi na, pembeni yake, jiko kubwa la mkaa linawaka wekundu mtupu bila sufuria juu.

"Mama, hili jiko la nini?"

"La majirani."

"Tulichimba lile shimo ili tuache mkaa."

"Tumeacha. Maziwa si yanachemka kwa gesi?"

"Na huu?"

"Huu si wa maziwa."

Nilijaribu kumwonyesha kwa hesabu rahisi. Zamani moto ulikuwa mmoja. Ulichemsha maziwa, na makaa waliyochukua majirani yalikuwa masalia ya kazi iliyokwisha kufanyika. Sasa tunawasha moto mzima ili tupate masalia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema kweli," akasema, na akaongeza mkaa.

Nikaenda dukani nikanunua viberiti, pakiti nzima, na chupa ya mafuta ya taa. Bibi jirani alipokuja nilimpa boksi moja la kiberiti kwa mikono miwili, nikamwambia kwa heshima zote kwamba hilo ni lake, likiisha anione nimpe jingine. Alilipokea, akashukuru, akaondoka bila kuchukua makaa. Nilijiona nimemaliza jambo. Jioni alirudi na bakuli la karanga za kuchemsha, na juu ya karanga amelaza lile boksi, halijafunguliwa.

"Mjukuu wangu," akasema, "kiberiti ni cha dukani. Dukani najua njia. Mimi nilikuja kwenu."

Mama alisubiri bibi aondoke, akaniuliza, "Umeona ulivyofukuza watu?" Kwa siku kadhaa alisimama mwenyewe mlangoni alfajiri, akiwaita majirani kwa sauti wakati wanapita, waje wachukue moto. Walikuja. Na kwa kuwa walikuwa wamealikwa, hawakuweza kuja na kuondoka tu. Waliketi.

Hapo mkaa ukaanza kwenda mbio. Mama hakupenda moto uwake bila kazi, kwa hiyo akabandika maharage juu ya lile jiko la majirani. Maharage yanataka muda, kwa hiyo jiko likaongezwa mkaa. Waliokaa walihitaji chai, na chai ikapikwa kwenye mkaa kwa sababu gesi ilikuwa ya maziwa ya mgahawa na mama hakutaka ichezewe. Alikuja mzazi mwenye kichanga kuomba maji ya moto, akapewa, na tangu siku ile akawa anakuja kila siku. Zamani, wakati mama anachemsha maziwa kwa mkaa, alikuwa na haraka na kila mtu aliijua haraka yake. Sasa gesi ilimfanyia kazi, naye akawa na nafasi ya kuzungumza. Jiko lililokuwa likizimwa mapema sasa lilikuwa bado jekundu nikirudi kutoka mjini.

Mtamba mwekundu alikuwa akisimama pale bandani, kichwa juu ya ukingo wa kihori chake cha majani, akitutazama tukinywa chai.

Ndipo bwana mifugo alipokuja, akaona magunia, akatafuta genge. Nilipomweleza alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akapata wazo.

"Si wanataka makaa ya moto? Wekeni vipande vya mkaa juu ya gesi vishike moto, muwape. Hakuna haja ya jiko la pili."

Lilikuwa wazo zuri, na mama akalipenda mara moja kwa sababu halikumnyima mtu. Vipande vikawekwa juu ya moto wa buluu, vikashika, majirani wakapewa. Lakini mkaa ukishika moto hupasuka na kuacha majivu, na majivu yale yalianguka kwenye vitundu vya jiko. Moto ukaanza kuwa wa njano, wa upande mmoja. Hatukulitambua mapema, na siku moja sufuria la maziwa lilikawia mpaka jua likatoka, maziwa yakapanda kidogo, mama akadhani yamechemka, akaniambia niwahi. Nikawahi. Saa tatu, nikiwa bado mjini, mwenye mgahawa alinitumia mtu kuniambia nirudi.

Alikuwa amesimama jikoni mbele ya sufuria. Maziwa yalikuwa yamekatika, mabonge juu na maji chini. Pembeni, juu ya meza, aliweka kopo la maziwa ya unga. Alilifuta vumbi kwa kanzu yake mbele yangu, taratibu, ili nilione vizuri.

"Mwanangu, unamwona ng'ombe huyu?" akauliza, kidole kwenye picha. "Haugui. Hali mashudu. Hatafuti gesi. Nikimtaka saa kumi usiku yupo kwenye kopo."

"Mzee, ni jiko liliziba majivu."

"Mimi sili jiko. Mwambie mama yako nampenda na maziwa yake nayapenda. Lakini wateja wangu wanaanza kumzoea huyu wa kopo. Yakikatika mara nyingine, sitakuwa na maneno."

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama neno kwa neno. Akachukua sindano ya kushonea magunia, akatoboa vitundu vya jiko kimoja kimoja mpaka moto ukarudi kuwa wa buluu. Kesho yake jiko la mkaa likawashwa tena kando. Na kwa kuwa sasa aliogopa, akawa anaanza maziwa kwenye gesi na kuyamalizia kwenye mkaa kwa uhakika. Nilikuwa nimeanza kuhisi kwamba kila hatua tunayopiga ili kuacha mkaa inaishia kwenye gunia.

Bwana mifugo alichukizwa na jambo lile kuliko mimi. Akaitisha kikao cha majirani bandani kwetu. Alisimama na kofia yake, akawaeleza wanawake wale habari ya misitu, ya jangwa, ya bei ya mkaa, ya mama huyu mwenzao ambaye atalazimika kuuza mtamba wake ikiwa wao hawatawasha moto wao wenyewe. Alizungumza vizuri. Wakamsikiliza kwa makini, wakaguna mahali pa kuguna, na alipomaliza wakapiga makofi. Bibi jirani akasimama akamshukuru kwa niaba ya wote.

"Umetufumbua macho, mwanetu. Tutakuwa watu wabaya tusipokusikia."

Asubuhi iliyofuata hapakuja mtu mlangoni. Nilishangaa, nikakaribia kufurahi. Kisha nikasikia minong'ono nyuma ya nyumba. Nikatoka. Walikuwepo wote, pamoja, kwenye mlango wa uani, vigae mikononi, na mama ameinama anawagawia makaa.

"Mbona huku nyuma?" nikauliza.

"Polepole," bibi akaninong'oneza. "Yule kijana wenu anapita mbele na pikipiki. Tukimpitia mbele ataona tumemdharau."

Nilicheka kwa hasira, kama kuna kicheko cha namna hiyo. Hawakuwa wajinga na hawakuwa wabaya. Walimheshimu mtu aliyewakataza jambo, wakamheshimu pia mtu aliyewapa jambo hilo, na wakatafuta mlango ambao ungewawezesha kuwaheshimu wote wawili. Aliyegharimika ni ng'ombe mwekundu, na ng'ombe hana mlango.

Mvua zilipoanza, njia ziliharibika na waendesha baiskeli wa mkaa wakawa adimu. Waliofika walitaja bei huku wakitazama pembeni. Jioni moja mama akaniita bandani.

"Simpeleki mnadani," akasema. "Siwezi. Baba yako mdogo kule Mlali, Kongwa, amesema atakaa naye. Kule majani yapo na kuni zipo. Atamtunza, mwekundu akishika mimba azalie huko huko. Ndama akiwa dume, wa baba yako mdogo, na mwekundu atabaki mpaka azae jike. Akiwa jike, wangu, na watarudi wote wawili, mtu na mwanawe."

"Na gesi? Mtambo ni wa ng'ombe watatu."

"Pesa ya mashudu anayokula mwekundu ndiyo itanunua mkaa."

Nilirudia kwa sauti yale aliyosema, polepole, nikidhani akiyasikia kutoka kinywa cha mtu mwingine yatamshtua. Tunamwondoa ng'ombe ili tununue mkaa, na tukimwondoa ng'ombe gesi itapungua, na gesi ikipungua tutanunua mkaa zaidi. Akaniambia nisimpigie kelele. Alikuwa analia.

Mtamba alipakiwa kwenye lori lililokuwa likirudi Kongwa kuchukua mahindi. Mama alimfunga shanga shingoni, kamba ya shanga nyeupe na nyekundu, ili asipotelee kwa ng'ombe wa watu.

Yaliyofuata yalikuwa kama bwana mifugo alivyosema. Moto wa buluu ulifupika. Kwanza ulishindwa kuchemsha sufuria la pili, baadaye hata la kwanza. Majirani waliona. Hawakuwa na shida ya kuona, walikuwa pale kila alfajiri. Nao, kwa mara ya kwanza katika habari hii yote, waliamua kutusaidia kwa njia ambayo ilionekana kuwa na akili. Walianza kuleta kinyesi. Kila aliyefuata moto alikuja na karai la mavi ya ng'ombe wake wa kienyeji, akalimwaga kwenye mdomo wa shimo letu, akachukua makaa yake akaenda.

"Hatuchukui bure," bibi jirani aliniambia, na kwa kweli alisema kwa fahari.

Mama alifurahi sana. Mimi pia nilifurahi, nakiri. Lakini ng'ombe wetu walilala juu ya sakafu ya saruji, na ng'ombe wao walilala zizini, juu ya mchanga wa Dodoma, na kinyesi kile kilizolewa kwa jembe asubuhi pamoja na mchanga wake. Maji yalibeba mchanga mpaka ndani, ukatua chini ya shimo, ukajikusanya mwezi baada ya mwezi. Bwana mifugo alipokuja kupima kwa mti mrefu, mti uligota mapema mno. Akauchomoa, akautazama, akakaa chini juu ya ndoo.

"Nani ameleta mchanga?"

"Ni msaada," mama akajibu.

Akavua kofia. Ndiyo mara ya kwanza nilipoona ana kipara.

Shimo lilipaswa kufunguliwa, kutapishwa lote na kuanzishwa upya. Ili lianze upya lilitaka kinyesi kingi kisicho na mchanga, yaani ng'ombe watatu. Mama akatuma ujumbe Mlali kuuliza hali ya mwekundu. Katika wakati huo hatukuwa na simu, wala wao, kwa hiyo ujumbe ulikwenda na wasafiri na ulirudi na wasafiri. Mchuuzi wa karanga alituletea jibu kwamba mtamba amezaa jike, mzuri, ana baka jeupe pajani. Mama akafagia nafasi yake bandani na kuniambia nirekebishe kihori. Kabla sijamaliza alikuja mwalimu aliyekuwa akifundisha kule, akasema alivyosikia yeye, mtamba amezaa dume. Mama akaacha kufagia. Kisha baba mdogo mwenyewe akatuma salamu ndefu kwa kondakta wa basi, za kila mtu katika ukoo na za mvua na za mahindi, na hakumtaja ng'ombe.

Mwenye mgahawa alikuwa bado anachukua maziwa yetu, madumu machache kuliko mwanzo. Kopo la unga lilikuwa limehamia kutoka mezani hadi rafuni, karibu na sukari.

Mtu wa mwisho kutoka Mlali kufika kwetu alikuwa jirani wa baba mdogo, aliyekuja Dodoma kumuuguza mgonjwa. Alikaa, akanywa chai, na mama akasubiri amalize kikombe kabla ya kuuliza, kama inavyotakiwa. Ndiyo, alisema, mwekundu yuko. Alimwona kwa macho yake kisimani, juzi juzi tu, mwenye shanga nyeupe na nyekundu.

"Ana ndama?" mama akauliza.

Yule bwana akafikiri.

"Palikuwa na ndama wengi pale kisimani," akasema. "Sikuangalia yupi ni wa nani. Nilikuwa nawahi basi."